Baridi kali haigandishi jeni: mambo tunayokosea kuhusu bakteria wa kwenye barafu

Kila mada ya bakteria wa maeneo ya baridi kali ikiibuka lazima atokee mtu aseme "si wameganda tu hao, wako vilevile toka enzi na enzi." Hii kauli inanikera kweli, maana inafuta jambo tamu kuliko yote kuhusu hawa viumbe. Ukichukua wawili wanaoonekana kama mtu na pacha wake, ukasoma DNA zao herufi kwa herufi, unakuta tofauti ambazo hukuzitegemea kabisa.

Tuanze na lile jepesi, kwamba baridi kali inaua bakteria. Wapo inaowaua, ndio, ila wengi inawasimamisha tu, ndo maana kitu kikitolewa friza kikayeyuka bakteria wanaendelea walipoishia. Na wapo wasiosimama kabisa. Psychrobacter arcticus alipatikana kwenye udongo ulioganda wa Siberia, tabaka la miaka 20,000 hadi 30,000, na anaweza kukua kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Planococcus halocryophilus, wa kisiwa cha Ellesmere kule kaskazini kabisa mwa Kanada, anagawanyika mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri, na hata kwenye 25 chini ya sifuri bado anaonekana anapumua.

Sasa dhana yenyewe iliyonifanya niandike: "bakteria wanazaliana kwa kujigawa, kwahiyo wote ni kopi, na huko kwenye baridi wanajigawa taratibu, sasa hiyo tofauti itoke wapi?" Kujigawa ni kweli, na taratibu pia ni kweli kwa wengi wao. Kinachosahaulika ni kwamba bakteria hasubiri kuzaa ndo apate jeni mpya. Anaweza kuletewa na virusi vinavyoshambulia bakteria, anaweza kupokea plazmidi, yaani kile kiduara kidogo cha DNA, kutoka kwa jirani, au akaokota tu kipande cha DNA ya mwenzake aliyekufa. Tena jirani mwenyewe sio lazima awe wa spishi yake.

Na barafu ya bahari ni sehemu nzuri ajabu kwa biashara hiyo. Bahari ikiganda, maji yanageuka barafu na chumvi inasukumwa nje, mingine inabaki imenaswa ndani kwenye vijia vyembamba sana vyenye maji ya chumvi kali yasiyoganda, na humo humo ndo bakteria wanabanwa pamoja na virusi vyao na mabaki ya DNA. Baridi ikizidi vijia vinasinyaa, chumvi inakolea, na kila kilichomo kinazidi kusogeleana! Yaani ile baridi tunayodhani inazuia kila kitu ndo inawakutanisha.

Matokeo yake yanaonekana. Mwaka 2013 ulitoka utafiti uliolinganisha Octadecabacter wawili, mmoja wa barafu ya Aktiki na mwingine wa Antaktika. Kwa ile jeni ya ribosomu (mashine ya seli ya kutengenezea protini) inayotumika kutambua bakteria wanafanana sana, ungesema ni ndugu wa damu, ila jenomu zao, yaani DNA yao yote, zimepanguliwa na kupangwa upya, zimejaa vipande vya DNA vinavyoruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na kuna jeni kibao zilizoingia kutoka nje. Kwahiyo mtu akikwambia "ni spishi zinazofanana kwahiyo jeni ni zilezile," muulize kapima jeni ngapi.

Kuna pia Deep Lake huko Antaktika, ziwa lenye chumvi karibu mara kumi ya bahari, halijai barafu hata likifika nyuzi 20 chini ya sifuri. Wanaolitawala ni arkea, kundi jingine la viumbe vidogo vya seli moja, sio bakteria, lakini nawataja kwa makusudi kwa sababu wanakadiriwa kuzaa vizazi kama 6 tu kwa mwaka, na bado wamekutwa wamepeana vipande vya DNA vyenye urefu wa hadi herufi 35,000 kati ya jenasi na jenasi (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu), vikiwa karibu sawa kabisa. Kuzaa taratibu hakujawazuia.

Dhana nyingine ni "jeni ya baridi", kwamba iko moja, ukiwa nayo unaishi kwenye barafu. Hamna. Ni mabadiliko madogo madogo yaliyotapakaa kwenye jenomu. Enzaimu nyingi zimepunguza zile sehemu zinazoikaza protini ili zibaki laini na zifanye kazi kwenye baridi, mafuta ya utando wa seli yamebadilishwa ili utando usikakamae, na kadhalika. Hata zile protini maarufu za mshtuko wa baridi, zinazotengenezwa joto likishuka ghafla, E. coli wa tumboni mwetu naye anazo. Zipo jeni za kipekee kweli, mfano Marinomonas primoryensis wa Antaktika ana protini kubwa mno anayoshikilia nayo barafu kama nanga ili abaki juu kwenye mwanga na oksijeni. Na protini za kushika barafu ziko za koo nyingi, ukoo mmojawapo umesambaa kwa bakteria, fangasi mpaka mwani wa kwenye barafu, dalili kubwa kwamba jeni zake zimepita mkono kwa mkono.

Halafu naomba tuache kusema baridi "inawafundisha" bakteria kubadilika. Mabadiliko yanatokea ovyo, mengine yanamuua mwenyewe, baridi inachofanya ni kuchuja nani abaki.

Kuhusu DNA iliyoganda kukaa salama milele, hapana. Hata ndani ya udongo ulioganda mionzi ya asili na kemia ya maji kidogo yaliyobaki vinaikatakata. Mwaka 2007 watafiti walionyesha dalili kwamba kuna bakteria kwenye udongo ulioganda kwa karibu miaka nusu milioni ambao wanaendelea kupumua kidogo kidogo na kuikarabati DNA yao.

Usugu wa dawa nao watu wanadhani umeanzia hospitali. Mwaka 2011 zilichapishwa jeni za usugu zilizotolewa kwenye udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye miaka 30,000, na humo kuna za kukabili hadi dawa za jamii ya vankomaisini. Penisilini imeanza kutumika kwa wagonjwa miaka ya 1940. Bakteria wamepigana kwa sumu hizi muda mrefu sana kabla yetu. Sisi kwa matumizi mabaya tumezipa jeni hizo nafasi ya kusambaa haraka.

Na hofu ya "barafu ikiyeyuka tumekwisha"? Hapa tutenganishe makundi mawili. Bakteria wapenda baridi haswa hawavuki kama nyuzi 20, mwili wako una 37, kwahiyo hao hawakuwezi. Bakteria wa kimeta ni habari nyingine, hajazoea baridi wala nini, mbegu zake (seli zenye ganda gumu) zinalala tu kwenye udongo. Mlipuko wa Yamal, Siberia, mwaka 2016, uliua reindia zaidi ya 2,000 na mtoto mmoja, na unahusishwa na udongo ulioganda kuyeyuka kwenye joto kali la kiangazi kile. Kinachotakiwa kufuatiliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jeni zenyewe, maana bakteria wa barafu akifa kwa joto plazmidi yake bado inaweza kuokotwa na mwenye uwezo wa kuishi kwenye nyuzi 37.