Gari Linalojiendesha: Maana Yake na Ngazi Zake

Gari linalojiendesha ni gari ambalo mfumo wake wa kompyuta hufanya kazi yote ya udereva, yaani kukata usukani, kuongeza na kupunguza mwendo, kutazama barabara na kuamua la kufanya pale hali inapobadilika ghafla, bila kumtegemea binadamu awe macho kuusahihisha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba maana yote, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayoachwa nje mara nyingi jina hili linapotajwa. Magari mengi yanayosemwa kuwa yanajiendesha hayatimizi sharti hilo. Yanamsaidia dereva, tena yanamsaidia vizuri, lakini dereva bado ni yeye.

Ili kuondoa mkanganyiko huo, chama cha wahandisi kiitwacho SAE International kilitoa mwaka 2014 kiwango kijulikanacho kama J3016, ambacho kinagawa uendeshaji katika ngazi 6, kuanzia 0 hadi 5. Wengi huzichukulia ngazi hizi kama alama za mtihani zinazopima akili ya gari, wakadhani kwamba ngazi ya 3 ni gari la ngazi ya 2 lililoongezewa ujuzi kidogo. Sivyo. Kinachopimwa ni mgawanyo wa kazi kati ya binadamu na mashine, na swali linalotenganisha ngazi za chini na za juu ni moja: kwa wakati huu gari linapotembea, ni nani mwenye wajibu wa kutazama barabara?

Katika ngazi ya 0, 1 na 2, mwenye wajibu huo ni dereva. Gari la ngazi ya 0 linaweza kumpigia kengele ya tahadhari au hata kukaza breki lenyewe kwa dharura, lakini halishiki uendeshaji kwa mfululizo. Ngazi ya 1 hushika jambo moja tu, ama usukani ama mwendo, na ngazi ya 2 hushika yote mawili kwa pamoja. Kuanzia ngazi ya 3 wajibu unahama. Mfumo ndio unaotazama barabara, na binadamu anaruhusiwa kuondoa macho yake, ila lazima awe tayari kuupokea usukani pindi anapoitwa. Ngazi ya 4 haihitaji binadamu wa kuitwa, mradi gari limo ndani ya mipaka liliyowekewa, iwe ni mipaka ya eneo, ya hali ya hewa au ya aina ya barabara. Likishindwa kuendelea, linatakiwa kujisimamisha mahali penye usalama bila msaada. Ngazi ya 5 haina mipaka: popote ambapo dereva mzoefu angefika, nalo lingefika. Gari la namna hiyo halijauzwa popote duniani.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa haipo kwenye ngazi za juu bali katikati, kwenye ngazi ya 2 na ya 3. Binadamu ni mtendaji mzuri kuliko alivyo mlinzi. Mtu anayeshika usukani mwenyewe hulazimika kuwaza barabara, lakini mtu aliyepewa kazi ya kuitazama tu mashine inayofanya kazi vizuri saa baada ya saa huanza kuiamini. Macho hubaki wazi, fikira huondoka. Kadiri msaada unavyokuwa bora, ndivyo dereva anavyozembea, na ile hitilafu moja ya nadra humkuta akiwa mbali kimawazo. Waandishi wa kanuni wanalijua hilo. Kanuni namba 157 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika mwaka 2021 kwa mifumo ya ngazi ya 3, inataka mfumo unapomwita dereva umpe sekunde 10 kabla haujaanza kulisimamisha gari wenyewe. Mwanzoni iliruhusu mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa, na katika mwendo huo sekunde 10 ni mita zipatazo 167. Marekebisho ya baadaye yaliruhusu hadi kilomita 130 kwa saa, ambapo muda uleule unalifikisha gari zaidi ya mita 360 mbele.

Gari lenyewe huiona barabara kwa kamera, kwa rada, na katika mifumo mingi ya ngazi ya juu kwa lida, kifaa kinachorusha mwali wa leza na kupima muda unaochukua kurudi ili kujua umbali wa kila kitu kilicho mbele. Ila kuona si kuelewa, na tofauti hiyo ilijitokeza kwa uchungu usiku wa tarehe 18 Machi 2018 katika mji wa Tempe, Arizona, nchini Marekani. Gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ulionyesha kwamba vihisi, yaani vifaa vya gari vya kuonea, vilimnasa sekunde 5.6 kabla ya kugongwa, muda ambao ungetosha kabisa kusimama. Programu ndiyo iliyoshindwa kuamua imeona nini. Ilimwita gari, kisha kitu kisichojulikana, kisha baiskeli, na kila ilipobadili jina ilitupa kumbukumbu ya alikokuwa ametoka, hivyo haikuweza kukadiria anakoelekea. Aidha, haikuwa imeundwa kumfikiria mtembea kwa miguu anayevuka mahali pasipo na kivuko. Ndani ya gari alikuwamo mwangalizi aliyeajiriwa kwa kazi moja tu ya kutazama barabara, naye alikuwa akitazama simu.

Nimelieleza tukio hilo kwa kirefu kwa sababu linaonyesha makosa mawili yakikutana: mashine isiyoelewa, na binadamu aliyekwisha kuiachia kazi. Lolote kati ya hayo likirekebishwa, huenda mtu yule angefika ng'ambo ya barabara.

Je, magari haya yatapunguza vifo? Haja ipo, wala haina ubishi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Watetezi wa magari haya hupenda kutaja asilimia 94, takwimu iliyotolewa mwaka 2015 na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, wakisema kwamba ukimwondoa dereva unaondoa ajali 94 katika kila 100. Taarifa yenyewe haikusema hivyo. Ilihesabu ajali ambazo tukio la mwisho katika mlolongo ulioishia kwenye ajali lilimhusu dereva, na ikaonya wazi kwamba tukio hilo lisichukuliwe kuwa ndicho chanzo wala kuwa ni kumtwika mtu lawama. Dereva aliyechelewa kufunga breki kwenye barabara isiyo na taa, yenye kona kali na mwendo ulioruhusiwa kupita kiasi, huhesabiwa humo pia, na barabara ile itabaki vilevile hata usukani ukikabidhiwa kompyuta.

Wakati huohuo, misaada midogo isiyovuta macho ya watu imekwisha kuonyesha thamani yake. Breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, udhibiti wa gari lisiteleze, na breki zinazojikaza zenyewe kikitokea kizuizi mbele, vyote vinamwacha dereva akiwa dereva na kumsaidia pale anapozidiwa. Tangu Julai 2024, Umoja wa Ulaya unayataka magari yote mapya yawe na breki hizo za dharura pamoja na kifaa cha kumtahadharisha dereva anapozidisha mwendo. Hayo si magari yanayojiendesha, na hakuna anayeyaita hivyo, lakini ni haki kuyataja hapa kwa kuwa usalama haungoji ngazi ya 5.

Ngazi ya 4 nayo si ndoto tena. Kampuni ya Waymo, iliyotokana na mradi ulioanzishwa na Google mwaka 2009, ilifungua kwa umma mwaka 2020 huduma ya teksi zisizo na dereva katika sehemu ya Phoenix, Arizona, kisha ikaenea katika miji mingine. Mafanikio hayo yana masharti yake: gari hufanya kazi katika eneo lililochorewa ramani kwa undani, na nje ya eneo hilo haliendi.

Sheria nazo zinajaribu kulifuata swali lilelile la wajibu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 kuhusu magari haya inasema kwamba mfumo ulioidhinishwa unapokuwa ndio unaoendesha, aliyeketi kwenye kiti cha dereva hatashtakiwa kwa kosa la uendeshaji, ingawa bado atawajibika kwa mambo kama bima. Sheria hiyo pia inakataza kulitangaza gari kwa namna itakayomfanya mnunuzi aamini kwamba linajiendesha ilhali halijaidhinishwa hivyo, kifungu ambacho naona kilistahili kuja mapema zaidi.

Anayebaki ni mtu aliye nje ya gari. Anayetaka kuvuka barabara humtazama dereva usoni, na akiona ameitikiwa kwa kichwa hujua ameonekana. Gari lisilo na dereva halina uso. Mwishoni mwa 2023, majimbo ya California na Nevada yaliiruhusu kampuni ya Mercedes-Benz kuweka taa za rangi ya feruzi ambazo huwaka mfumo wa ngazi ya 3 unapokuwa ndio unaoendesha. Taa hiyo humjulisha mtembea kwa miguu nani anaendesha. Haimwambii kama ameonekana.