Injini ya jeti ya kutengeneza gereji: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi wakisikia mtu ametengeneza jeti kwa vyuma chakavu vya gari, hudhani amebadilisha injini nzima. Silinda, pistoni na gia hazimhusu kabisa. Anachotafuta ni tabo (turbocharger), kifaa kinachoendeshwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, na ikiwa ya lori ni bora zaidi. Tabo ina kompresa upande mmoja inayovuta na kubana hewa, tabini, yaani gurudumu la mapanga, upande wa pili inayozungushwa na moshi, na shafti moja katikati. Kikubwa kinachokosekana ni chumba cha kuchomea mafuta.

Chumba hicho ndicho humpima fundi. Anachomelea bomba nene la chuma, na ndani yake anaweka bomba jembamba lililotobolewa matundu. Ya mwanzoni ni madogo, huingiza hewa ya kuwakia moto. Ya mwishoni ni makubwa, huleta hewa ya kupoza moshi kabla haujafika kwenye tabini. Akikosea mpangilio, moto unazimika, au unawakia ndani ya tabini na kuiunguza.

Eti plagi lazima ipige cheche muda wote? Ni wakati wa kuwasha tu. Moto ukishashika unaendelea wenyewe.

Kuhusu mafuta, watu hudhani ndege hutumia kitu cha ajabu. Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Wanaoanza hupenda gesi ya mtungi kwa sababu haihitaji pampu, ila jeti inakunywa kwa fujo: mtungi mdogo hupoa hadi unashika barafu nje, na presha inashuka.

Kosa baya zaidi ni kuogopa mtungi na kuisahau oili. Shafti ya tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya bushi. Kwenye gari, oili hiyo husukumwa na pampu ya injini. Hapa injini haipo, kwa hiyo lazima uweke pampu ya umeme. Oili ikikata, bushi zinaisha mara moja na gurudumu la tabini au la kompresa linaanza kukwaruza nyumba yake. Likipasuka, vipande hutoka kwa ubavuni, ndiyo maana hasimami mtu usawa wa gurudumu. Hata ukishazima, pampu iachwe ifanye kazi mpaka tabini ipoe, la sivyo oili inaungua na kuganda kwenye shafti.

Wengine husema ukifunga mafuta, injini itazima tu. Aprili 1937, huko Rugby, Uingereza, Frank Whittle, mmoja wa wavumbuzi wa injini ya jeti, alifunga vali ya mafuta na injini yake ikazidi kupanda kasi, watu wakakimbia. Mafuta yalikuwa yamevuja na kutuama ndani kabla ya kuwasha.

Je, itarusha ndege ya kubeba mtu? Msukumo wa tabo moja ni mdogo mno, na tabo ya kawaida hubana hewa hadi presha yake iwe mara mbili au tatu ya ile iliyoingia, wakati injini za ndege kubwa za leo hufika mara 40 na zaidi. Ndege za mfano ndizo saizi yake. Mjerumani Kurt Schreckling alitengeneza injini ya ndege za namna hiyo kwa kompresa ya plaiwudi iliyokazwa kwa nyuzi za kaboni; gurudumu la tabini, upande wa moto, ndilo lililokuwa la chuma.