Je, wajua kwa nini riwaya za upelelezi huvipenda vita?

Ukizisoma riwaya za upelelezi zinazorudi nyuma katika historia, utaona waandishi wengi wakikimbilia miaka ya vita, na wakishafika huko hawakawii kuligusa suala la rangi ya ngozi. Msomaji ana haki ya kushangaa. Vita vina maiti za kutosha. Ya nini kuongeza moja ya kubuni, halafu kumsaka muuaji wake kitabu kizima?

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba vita huhesabu wafu kwa mafungu, na riwaya ya upelelezi haiwezi kufanya hivyo. Haianzi mpaka marehemu awe na jina, nyumba, madeni na maadui. Pale ambapo serikali inawahesabu wafu wake kwa kufuata rangi, kumpa jina yule asiyehesabiwa ni kuugusa utaratibu mzima.

Sisi wa Moshi na Arusha hatuna haja ya kwenda mbali. Machi 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliwafukuza Wajerumani kutoka Moshi, na Arusha ikachukuliwa mwezi huohuo. Pande zote mbili zilitegemea wapagazi wa Kiafrika waliobeba unga, risasi na majeruhi, na wengi wao waliuawa na njaa, malaria na kuhara damu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi, Misri na Somalia, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyohiyo ilisema idadi yao yaweza kufika 350,000.

Sasa chukua mpagazi mmoja wa kubuni. Amekutwa amekufa kando ya reli ya Kahe, na shingoni ana alama za kamba. Ofisa wa kambi ataandika "homa", kisha msafara utaendelea. Riwaya inaanza pale mtu mmoja, labda mpagazi mwenzake, anapokataa kulikubali neno hilo.

Akishakataa, ataulizia wapi? Katika jamii iliyogawanywa kwa rangi, kila mlango una wenyewe. Mpelelezi Mwafrika haingii klabu ya Wazungu ila kwa mlango wa jikoni. Mpelelezi Mzungu naye haketi kwenye kata ya mbege watu wakaendelea kusema ya moyoni. Duka la Mhindi linawapokea wote wawili, na mwenye duka anajua nani anakopa nini. Mpishi na yaya wanasikia kila kitu kwa sababu mabwana huzungumza mezani kana kwamba hawapo. Ushahidi upo, ila umetawanyika upande huu na ule wa mipaka ya rangi, na kuukusanya ni kazi ya hatari. Hata ukifika mahakamani bado kuna mtihani: katika Tanganyika ya Waingereza jaji alisikiliza maoni ya wazee wa baraza, lakini hakulazimika kuyafuata.

Waandishi wa Marekani na Uingereza wana hazina yao. Juni 1943, katika kijiji cha Bamber Bridge huko Lancashire, askari Weusi wa Marekani walipambana na polisi wa jeshi lao wenyewe, na askari William Crossland akauawa. Jeshi hilo lilikuwa likipigana na Hitler huku likiwatenga askari wake Weusi, na amri ya Rais Truman ya kuukomesha utengano huo haikutoka mpaka 1948. Kwa mwandishi wa mafumbo, kifo cha namna hiyo kinauliza swali gumu kuliko la nani alifyatua risasi.

Lakini mahali ninapotamani kumwona mwandishi wetu ni Tengeru, karibu na Arusha, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuanzia 1942 Waingereza waliwaweka hapo, karibu na Ziwa Duluti, wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wasovieti walikuwa wamewapeleka Siberia kwa nguvu, wakatoka kupitia Iran. Makaburi yao yapo mpaka leo. Hebu waza jinsi hali hiyo ilivyovuruga hesabu za mkoloni, aliyezoea Mzungu bwana na Mwafrika mtumishi: sasa Wameru wanawaona Wazungu maskini wanaoishi katika vibanda vya duara, wanaolima bustani zao, wanaolishwa kwa msaada. Walowezi wa Kijerumani nao wametiwa kizuizini tangu vita vilipoanza 1939, na mashamba yao yako mikononi mwa serikali. Vijana wa Kiafrika wako Burma na jeshi la Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wakilipwa kidogo kuliko Wazungu wa cheo hichohicho. Mtu akiuawa kambini Tengeru mwaka 1944, polisi watamkamata nani kwanza? Kila msomaji wa Usa River anaweza kubahatisha, na kubahatisha huko ndiko mwandishi atakakokutumia kumpoteza njia.

Na sababu ya mauaji? Ardhi. Mwishoni mwa 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, mpango ulioanza kusukwa mara tu vita vilipomalizika. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York kuidai ardhi hiyo, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili Mweusi mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi zake Moshi. Wakili wa namna hiyo, ofisi yake Moshi, mlangoni ameketi askari aliyerudi kutoka Burma na barua mkononi: mwandishi anayetafuta sura ya kwanza aanzie hapo.