Kithembe cha makusudi: "th" ya Kiingereza kwa msemaji wa Kifaransa

Vikwamizo vya meno ni zile sauti mbili tulizo nazo katika "thelathini" na "dhahabu". Ncha ya ulimi husogezwa kwenye meno ya juu, hewa ikapita kwa shida katika upenyo mwembamba. Th ni sighuna. Dh ni ghuna, nyuzi za sauti hutetema. Kiingereza huziandika zote kwa herufi zilezile: "think" ina th, "this" ina dh. Kifaransa hakina hata moja, ndiyo maana Mfaransa anayetaka kusema anafikiri, "I think", husikika akisema anazama, "I sink". Wa Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, hukimbilia t na d: "tink", "dis".

Ulimi wenyewe hauna kasoro. Ukimfundisha Mfaransa, mwambie amwigize mtoto mwenye kithembe, na sauti itatoka papo hapo. Kinachomzuia mara nyingi ni aibu, maana kwao ulimi kuchungulia nje ni dosari ya usemi. Basi anzia hapo. Ashike kioo, atoe ncha ya ulimi milimita 2 au 3 katikati ya meno, asiuume, apulize mfululizo kwa sekunde 3. Ikisikika s, ulimi umerudi nyuma kwenye ufizi. Ikisikika t, ameubana mno hadi hewa imezibwa. Kwa dh aweke vidole kooni. Asipohisi mtetemo, bado anatoa th. Akishazoea, ulimi ukigusa tu nyuma ya meno yatosha.

Pagumu kweli ni th inapokutana na s: "months", "sixth". Kwa "clothes" usimchoshe. Waingereza wengi wenyewe huitamka kama "close" ya kufunga.

H ni shida nyingine, kwa kuwa Kifaransa huiandika bila kuitamka. Akipulizia kioo kama anayetaka kukifuta, pumzi ile ndiyo h. Koo likikwaruza, ametoa kh. Na akishaipata huipachika kila mahali: "eat" inageuka "heat", hata "hour", ambayo h yake ni bubu, haisalimiki.

Ch humtoka kama sh, hivyo kiti, "chair", kinakuwa "share". Dawa yake anayo tayari: neno "match", ambalo Kifaransa kimelikopa na ch yake kamili. Alitamke polepole, aikate ile ch ya mwisho, kisha aihamishie mwanzoni mwa "chair".