Uso unaowaka moto bila kuwa mwekundu

Mama mmoja wa mtaa wa Oli, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliingia kliniki akiwa amejifunika kitenge mpaka chini ya macho. Anakaanga chapati na kuuza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kando ya barabara, kuanzia alfajiri mpaka saa nne, uso ukiwa juu ya sigiri. Alipojifunua niliona mashavu yameiva rangi ya zambarau iliyokoza, yana vipele vidogo vigumu, vingine vimetunga usaha. Kwenye mikunjo ya pua kulikuwa na magamba ya manjano yenye mafuta. Akatoa tyubu nne kwenye mkoba, akazipanga mezani.

"Dokta, hizi chunusi nina nazo mwaka wa tatu. Nikipaka hii zinapoa. Nikiacha, zinarudi na hasira."

"Pole, mama," nikamwambia, nikaomba niione hiyo "hii".

Nimeandika kuhusu kisa chake, kwa ruhusa yake, kwa sababu nyuso kama yake nakutana nazo kila wiki, na karibu zote zimeshatibiwa chunusi ambazo hazikuwahi kuwa chunusi. Huyu alikuwa na rosasea, ugonjwa sugu wa ngozi ya uso unaotanua mishipa ya damu na kuleta joto na vipele. Ila haikuwa peke yake, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea: tunauliza "ni ugonjwa gani?" kana kwamba uso mmoja hauwezi kubeba mawili au matatu kwa pamoja.

Nilisomea magonjwa ya ngozi Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo kilichoanza mwaka 1992 na ambacho kimefundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Ndiko pia Kiswahili changu kiliponyooka. Lakini picha za rosasea nilizozikuta vitabuni karibu zote zilikuwa za Wazungu, mashavu mekundu kama nyanya. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha chini ya weusi. Kinachoonekana ni kahawia iliyoiva au zambarau, na mara nyingine hakionekani chochote mpaka uguse. Ndiyo maana siku hizi naanza kwa kuuliza kuliko kutazama. Uso unawaka moto ukinywa chai ya tangawizi? Ukisimama juani? Ukikasirika? Sabuni inachoma? Mwenye rosasea hujibu haraka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kisha namketisha karibu na dirisha, mwanga wa jua uje kwa pembeni, naweka mgongo wa kiganja changu shavuni kwake halafu shingoni. Shavu huwa na joto zaidi. Nachukua kipande cha kioo cha hadubini, nakibonyeza taratibu juu ya ngozi. Kama rangi ile inatokana na damu iliyojaa kwenye mishipa iliyotanuka, inafifia chini ya kioo, na nikiachia inarudi. Kama ni doa jeusi la kovu la kipele, haiondoki. Kipimo hiki hakina gharama, na kimeniokoa mara nyingi.

Chunusi zina alama yake: vichwa vyeusi na vyeupe, yaani vinyweleo vilivyoziba. Rosasea haina vichwa hivyo. Unaweza kukuta vipele na usaha tele katikati ya uso, kwenye mashavu, pua, kidevu na paji, lakini ukitafuta kichwa cheusi hukipati. Kwa watu weusi kuna pia aina inayotoa vinundu vigumu vya kahawia, visivyouma wala kutunga usaha. Hiyo huweza kufanana na kifua kikuu cha ngozi au ugonjwa wa sarkoidi, unaoleta vinundu kwenye ngozi na mapafu, na nikiwa na shaka nakata kipande kidogo cha ngozi kipelekwe maabara. Siandiki dawa kwa kubahatisha.

Sasa niingie kwenye magonjwa yanayofuatana na rosasea au kufanana nayo. Mfereji mdogo ulio kati ya pua na shavu husema mengi. Magamba yenye mafuta yakikaa humo ndani, na mengine kwenye nyusi, nyuma ya masikio na mpakani mwa nywele, huo ni ugonjwa wa mba wa uso, unaohusiana na fangasi aitwaye Malasezia. Kwetu mara nyingi huacha mabaka meupe kidogo, na watu hudhani ni choa au upungufu wa vitamini. Mba na rosasea hukaa pamoja kwenye uso mmoja bila shida yoyote, na ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa chapati. Mba ikija ghafla, nzito, na kusambaa, namshauri mgonjwa apime virusi vya UKIMWI, kwa upole na faragha, kwa sababu ni moja ya dalili zinazotangulia.

Upele ukiruka mfereji huo, ukakaa juu ya mashavu na daraja la pua huku mikunjo ikibaki safi, nawaza lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Hapo nauliza maumivu ya viungo asubuhi, vidonda mdomoni visivyouma, nywele kukatika, homa zisizoeleweka. Lupasi haileti usaha. Napima mkojo kutafuta protini, maana figo ndizo ninazoziogopea, na namwandikia rufaa siku hiyo hiyo.

Macho nayo. Wagonjwa wengi wa rosasea wana macho makavu, yanayochomachoma kana kwamba yameingia mchanga, na kope zimevimba kingoni. Hawatuambii, kwa kuwa wanaona tabibu wa ngozi hahusiki na macho. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika tano mpaka kumi, kisha kusafisha mashina ya kope, husaidia sana. Mwanga ukimuumiza au kuona kukififia, anatakiwa aende kliniki ya macho bila kungoja.

Ila kinachonikosesha usingizi ni ile tyubu ya tatu ya mama yule, ile aliyoiita "hii". Ilikuwa na dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Alinunua sokoni, bila cheti. Steroidi hubana mishipa na kunyamazisha uvimbe, kwa hiyo siku tatu za mwanzo uso unang'aa, na mtu anaapa kwamba amepata tiba. Baada ya wiki na miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inatanuka, vipele vinazunguka mdomo na kuacha kijipete kisafi kando ya midomo. Akiacha, uso unalipuka. Akirudia, unatulia. Ndivyo ngozi inavyofungwa minyororo. Mikorogo ya kujichubua ina hadithi hiyo hiyo, na mingine ina zebaki, ingawa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni. Tafadhali soma tyubu yako. Ukiona "betamethasone" au "clobetasol", hiyo ni steroidi kali, si ya usoni.

Kwa hiyo nilimtibu kwa mpangilio. Kwanza steroidi iondoke. Nilimwambia wazi kwamba wiki mbili au tatu zijazo uso utachafuka kuliko sasa, asikate tamaa wala asirudi sokoni. Nisingemwonya, angeniona tapeli. Nikampa antibayotiki ya doksisaiklini, miligramu 100 kila siku kwa wiki nane, ameze na maji mengi akiwa amekaa wima, baada ya kuhakikisha si mjamzito. Kwa mba, krimu ya fangasi ya ketokonazoli kwenye mikunjo tu. Baada ya uso kutulia ndipo nikaongeza jeli ya metronidazoli. Dawa zote tatu siku ya kwanza zingemchoma, na tusingejua ipi imemdhuru.

Ipo pia krimu ya ivermektini ya asilimia 1, inayopunguza utitiri wa demodeksi wanaoishi ndani ya vinyweleo vya kila mtu mzima na ambao kwenye rosasea huzidi idadi. Huku kwetu West Nile watu wazima wanaijua ivermektini kwa jina la Mectizan, vidonge vya usubi vilivyotolewa bure tangu kampuni ya Merck ilipoahidi mwaka 1987 kuvigawa. Nafurahi kila mara ninapoeleza hilo, kwa sababu mgonjwa anaacha kuiogopa. Lakini ile ya sindano za ng'ombe isipakwe usoni, nakuomba.

Jua letu la ikweta halina huruma, hivyo kofia pana na mafuta ya kukinga jua yenye oksidi ya zinki ni sehemu ya dawa. Sabuni ya mche iwekwe kando, uso uoshwe kwa kitu laini kisicho na manukato. Chai isubiriwe ipoe, kwa maana joto ndilo linalowasha uso. Na pilipili huamsha vipokezi vile vile vya joto kwenye neva.

Kuhusu sigiri, sikumwambia aache kazi. Inasomesha watoto watatu. Tulikaa tukachora kwenye karatasi jinsi meza yake ilivyo, tukaona upepo wa asubuhi unampelekea joto lote usoni. Aliigeuza meza, akaipandisha sigiri juu ya matofali, akamfundisha binti yake kugeuza chapati ili wapokezane kila nusu saa. Mwezi wa nne wa matibabu vipele vilikuwa vimekwisha na mashavu yamepoa mkononi mwangu. Madoa meusi yamebaki, na yatachukua miezi. Asidi ya azelaiki ingesaidia madoa na rosasea vyote viwili, lakini Arua sijaipata, kwa hiyo tumemwagiza dereva wa basi wa Kampala, na tunaisubiri Ijumaa.