Umegonga Mnyama Mikumi? Usikimbie, na Usichinje

Malalamiko mengi yanayotufikia sisi wahifadhi kuhusu barabara kuu ya Morogoro–Iringa hayahusu wanyama kufa. Yanahusu kulipa. Dereva kagonga pundamilia, kaambiwa alipe, naye anauliza kwa nini alipe yeye ilhali mnyama ndiye aliyerukia barabarani. Tulimalize hili kwanza. Barabara ile inakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964. Lami ya kwenda Zambia ilikuja baadaye. Mnyama yuko kwake. Mgeni ni gari, na masharti ya mgeni yameandikwa kwenye mabango: mchana kilomita 70 kwa saa, usiku 50.

Wapo wanaodhani mwendo huo umewekwa kuwachosha watu. Gari lenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde, na hapo mguu bado haujafika kwenye breki. Usiku, twiga humtambui kwa macho yanayong'aa, maana macho yake yako juu ya mwanga wa taa zako. Unachokiona ni kama vigogo vinne vya mti, kisha kimoja kinasogea. Swala akivuka mbele yako, usiongeze mwendo ukidhani yamekwisha; wenzake bado wako kwenye nyasi. Na nyasi za kando ya lami huchipua vizuri kwa sababu maji ya mvua yanatiririkia huko kutoka barabarani, ndiyo maana wanyama hawabanduki hapo. Fisi naye hufuata mzoga, akagongwa juu yake.

Sasa utaratibu. Ukigonga, simama mahali salama, washa taa za tahadhari, weka viakisi, na usishuke ovyo. Uko katikati ya hifadhi na aliyekuwa anamfukuza huyo swala huenda bado yupo. Soma nguzo ya kilomita iliyo karibu. Toa taarifa lango la hifadhi, kituo cha askari wa hifadhi au polisi, chochote kilicho karibu. Askari atakuja, atarekodi aina ya mnyama, jinsia, umri wa kukadiria, mahali, saa na namba ya gari. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, na risiti unapewa. Narudia: kwa namba ya kumbukumbu. Hakuna kumpa mtu noti mkononi pale barabarani, na anayekuomba hivyo mripoti. Thamani inategemea mnyama. Katika kesi zinazofika mahakamani mmeshasikia viwango hivyo: swala dola za Marekani 390, pundamilia 1,200, twiga 15,000.

Lililo zito zaidi, na hapa naomba tuelewane, ni kisu. Mnyama bado anatapatapa, utingo ameshashuka kumwahi kabla hajafa, abiria wanauliza kama kuna mfuko. "Si atakufa tu, nyama iharibike bure?" Mnyamapori akifa kwa namna yoyote ni nyara ya serikali, kuanzia pembe mpaka mkia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Sura ya 283, haikuulizi kama ulimwinda au ulimkuta. Kukutwa na nyara bila kibali ni kosa linalojitegemea, na kwa nyara za thamani kubwa kifungo kinaweza kufika miaka 20 na zaidi. Ajali ya swala ingekugharimu fedha. Paja la swala kwenye buti linakugharimu ujana. Na anayedai alipwe kifuta jasho kwa sababu bampa lake limepasuka, malipo hayo yanahusu mazao na mifugo. Gari lina bima.

Lakini hasara ya kisu haiishii kwa mwenye kisu. Sisi tunapoamua tuta liwekwe wapi au majani yafyekwe wapi, tunaangalia mahali mizoga inapokutwa. Mzoga uliobebwa haupo kwenye rekodi. Dereva aliyekimbia hayupo kwenye rekodi. Kwenye karatasi eneo hilo ni salama, tuta haliwekwi, na mwezi unaofuata anagongwa mwingine palepale. Hatuwezi kuweka askari kila mita mia. Abiria wa basi moja wana macho zaidi ya doria yetu nzima, na wana simu.

Abiria hao hao wanarusha magunzi na maganda ya ndizi dirishani. Nyani wameshajifunza: basi likipunguza mwendo kwenye tuta, wanakaa tayari pembeni, mmoja ameshika gunzi, mtoto kamning'inia tumboni, makalio juu ya mstari mweupe. Lori linalokuja nyuma halina habari ya gunzi. Kulisha wanyama hifadhini hakuruhusiwi, hata kwa huruma.

Nje ya hifadhi, kazi kubwa imefanywa na wanavijiji wenyewe. Bonde la Kilombero, vijiji vya Mang'ula A, Kanyenja na Sole viliridhia kutenga ardhi ili tembo wapite kati ya Milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na chini ya barabara ya Kidatu–Ifakara ikajengwa njia ya tembo. Wangejenga vibanda pale, njia hiyo ingeishia ukutani. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Burunge nayo, kati ya Tarangire na Manyara, inaishi na hali hiyohiyo kwenye barabara ya Arusha–Babati.

Kwa hiyo mwanakijiji ukiona mzoga kando ya lami, usiuburute. Mwambie mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori wa kijiji, taja kilomita na upande wa barabara. Kama hujui ni kongoni au nyumbu, sema "mwenye pembe, mkubwa kuliko mbuzi." Inatosha, tutakuja kumtambua wenyewe.