Je, wajua kwa nini kaburi la zege huachwa bila sakafu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kaburi la saruji ni tangi lililogeuzwa kazi. Tangi huzuia maji yasitoke, kaburi huzuia maji yasiingie. Marehemu analala pakavu, jeneza haliozi, mchwa wanarudi walikotoka. Sikumbuki kuambiwa na mtu. Nilijitungia mwenyewe, kwa kutazama mifuko ya saruji ikishushwa misibani na kudhani kwamba kitu kinachogharimu namna ile lazima kinahifadhi kitu.

Nilisahihishwa kwenye msiba mmoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Mafundi wawili walikuwa wamemaliza kulijengea kaburi, nami nikasogea kuchungulia. Kuta nne za tofali za bloku, lipu imenyooka vizuri kuliko ya chumba nilichopanga wakati huo. Chini, udongo mtupu. Mwekundu, wenye alama za kandambili za fundi.

"Shikamoo fundi. Hapo chini bado hamjamwaga zege?"

"Marahaba. Hapo tumemaliza. Nikiziba chini, maji yatapita wapi?"

"Kwani hamjengi ili maji yasiingie?"

Alicheka kwa puani, akaendelea kuosha mwiko wake. "Mwanangu, maji hayapigi hodi."

Jibu lenyewe ndilo hilo, ila lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu lilinilazimu kwanza niachane na lile tangi.

Tuanze na saruji yenyewe. Inaonekana kama jiwe, lakini ndani ina vinyweleo vingi vilivyoachwa na maji ya kuchanganyia. Ukiwa na nyumba ambayo msingi wake haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, unajua kinachotokea: rangi ya ukutani inaanza kubabuka kuanzia chini, lipu inatoa unga mweupe, na hakuna bomba lililopasuka. Ukuta umenyonya unyevu kutoka ardhini. Huo ni ukuta uliosimama hewani, unaopigwa na upepo wa Dodoma kutwa. Ukuta wa kaburi umezungukwa na udongo pande zote na hauna pa kukaukia. Juu yake kuna slabu kadhaa zilizopangwa bega kwa bega, na kila panapokutana slabu mbili pana mstari uliozibwa kwa mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, peke yake. Mota hiyo itapata ufa. Mchwa, ambao nilidhani watarudi walikotoka, hupenya ufa mwembamba sana, na maji hupita hata pembamba zaidi.

Kwa hiyo swali linageuka. Maji yataingia; yakishaingia, yatatoka kwa njia gani?

Fikiria kopo la rangi lililopandwa ua kibarazani. Yeyote aliyewahi kupanda ua kwenye kopo anajua hatua ya kwanza ni kuligeuza na kulitoboa chini kwa msumari. Usipotoboa, ua halifi kwa kiu, linafia majini: kila unapomwagilia, yanayozidi yanatuama chini, mizizi inaoza, na siku moja unalivuta ua linang'oka na harufu ya kinamasi. Tundu la msumari halizuii maji kuingia. Linayapa njia ya kuondoka, na hiyo inatosha. Kaburi lenye sakafu ya zege ni kopo lisilotobolewa, tena ni kopo linalomwagiliwa kila masika na halitolewi juani kamwe. Kaburi lenye chini wazi ni kopo ambalo tundu lake ni sakafu nzima.

Mfano wa kopo una mwisho wake, na hapa jiografia ya Dodoma inaingia. Sehemu za mwinuko zina udongo mwekundu wenye kichanga, na huo hunywa maji vizuri. Ukishuka mbugani, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ule unaonasa matairi Januari na kupasuka nyufa za kuingiza mkono Septemba, mambo ni mengine. Huko shimo lenyewe ni bakuli: udongo wa pembeni haujaguswa na umebana, udongo uliorudishwa ndani ni mlegevu, na mvua inachagua njia laini. Kuacha chini wazi kwenye mfinyanzi ni kama kulitoboa kopo halafu ukalisimamisha juu ya sahani. Maji yataondoka, ila kwa mwendo wa konokono. Mafundi wengine huweka tabaka la kokoto au mchanga chini. Linayapa maji mahali pa kukaa chini ya usawa wa jeneza, lakini haliyaondoi. Tena mfinyanzi ukilowa huvimba na kuzisukuma kuta kwa ubavu, jambo ambalo mnunuzi wa saruji huwa halifikirii hata kidogo.

Mvua ya Dodoma si kubwa: chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo sitaki kutia chumvi kuhusu hatari inayofuata, ila ni ajabu mno kuiacha.

Sanduku lililozibwa pande zote, hata la zege, linaweza kuelea.

Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge mfuniko, lizamishe kwenye pipa la maji. Linakusukuma mkono kwa nguvu ya karibu kilo 20, kwa kuwa linataka kutoka mahali ambapo maji yangekaa. Sasa piga hesabu ya sanduku la zege lenye urefu wa mita 2.3, upana wa mita 0.9 na kimo cha mita 0.8 kwa nje, kuta, sakafu na mfuniko vyote unene wa sentimita 6. Linachukua nafasi ya maji yenye uzito wa kilo 1,650 hivi. Zege lake lina kama kilo 1,200. Jumlisha jeneza na marehemu, tuseme kilo 150. Bado maji yanashinda kwa kilo 300. Kinacholizuia lisipande ni udongo uliolikalia tu, na mara nyingi unatosha. Pale udongo wa juu ni kiduchu, au mkondo umeuzoa, linapanda. Julai 1994 mto Flint ulipofurika mjini Albany, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mamia ya majeneza yaliibuka kutoka makaburini. Kaburi lisilo na sakafu halielei, kama ndoo iliyotobolewa kitako isivyoelea.

Marekani, kwa kweli, ndiko hoja ya tangi ilikouzwa kwa bidii zaidi. Huko sanduku la nje la zege, linaloingizwa jeneza ndani yake, hutengenezwa kiwandani, na lipo la aina mbili: la kawaida lenye matundu chini, na la bei kubwa lililozibwa, ambalo mfuniko wake hukaa kwenye mfereji uliojazwa gundi ya lami. Wauzaji waliwahi kusifia la pili kwamba linatunza mwili. Tangu 1984 kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu yao inawakataza kudai kwamba sanduku au jeneza litahifadhi mwili kwa muda mrefu au milele. Na kwa kawaida anayedai sanduku la nje liwepo ni uongozi wa makaburi, ambao unataka ardhi isizame chini ya mashine za kukata nyasi. Zamani zaidi, Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, hofu ilikuwa wezi wa maiti waliouzia shule za udaktari. Waskoti walifunika makaburi kwa vizimba vya chuma mpaka sheria ya 1832 ilipozipa shule hizo njia halali ya kupata miili.

Kwa nini kuziba hakuhifadhi? Kwa sababu kazi ya kuoza haisubiri mgeni kutoka nje. Bakteria walioko tumboni mwa kila mmoja wetu sasa hivi ndio wanaoanza, na wengi wao hawahitaji hewa hata chembe. Kufunga mlango ni kuwafungia ndani na chakula. Penye unyevu na pasipo hewa, mafuta ya mwili yanaweza hata kugeuka kitu kama nta au sabuni. Kinachohifadhi ni ukavu. Jumba la makumbusho la British Museum, London, lina mwili wa mtu aliyezikwa Gebelein, Misri, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita: hakuwa na jeneza wala chumba, alilazwa kwenye mchanga wa jangwani tu, na mchanga ukamnyonya maji kabla bakteria hawajamaliza. Hadithi inayopendwa ni kwamba Wamisri walijifunza kukausha maiti kwa dawa baada ya kuona miili waliyoiweka kwenye majeneza mazuri ikioza. Inavutia, lakini uchunguzi uliochapishwa 2014 ulikuta utomvu wa kupaka maiti kwenye vitambaa vya zamani kuliko majeneza hayo, kwa hiyo mpangilio huo si mnyoofu kama unavyosimuliwa.

Sasa, ikiwa saruji haizuii maji na haihifadhi mwili, inafanya nini pale chini? Inabeba. Kuta nne na slabu ni paa, na kilicho juu ya paa hilo ni udongo.

Watu wa pwani walishalijua hili zamani bila mfuko wa saruji. Mwanandani huchimbwa ndani ya kaburi, marehemu akalazwa humo, kisha viunza vya mbao vikapangwa ili udongo usimwangukie. Kaburi la zege ni mwanandani aliyebadilishiwa malighafi.

Uzito wenyewe tuuhesabu. Jeneza la mita 2 kwa mita 0.6, juu yake udongo wa kina cha mita 1.2: hiyo ni mita za ujazo 1.44, na udongo mkavu wa kawaida una tani 1.6 hivi kwa kila mita ya ujazo. Jumla tani 2.3. Ni kama kupaki Land Cruiser juu ya sanduku la mbao na kuondoka. Mbao zinastahimili kwa muda, halafu mchwa na unyevu wanazimaliza, na siku mbao zinapovunjika, nafasi iliyokuwa ndani ya jeneza inahamia juu ya ardhi kama shimo. Jeneza la kimo cha sentimita 40 lina nafasi ya toroli saba hivi za udongo. Ndiyo maana kaburi la udongo huachiwa tuta, na ndiyo maana masika ya pili au ya tatu ndugu wanarudi na machepe kuongezea.

Slabu inabeba mzigo huo kwa namna inayofaa kutazamwa. Vunja muhogo mbichi gotini: ufa unaanzia upande wa mbali na goti, ule unaovutwa, wakati upande wa ndani unabanwa. Slabu iliyolemewa na udongo inapinda vivyo hivyo, juu inabanwa, chini inavutwa. Zege linavumilia sana kubanwa, ila likivutwa uwezo wake ni kama sehemu moja ya kumi. Hivyo nondo hulazwa karibu na uso wa chini, na slabu hulazwa kwa upana wa kaburi, kama chaga za kitanda. Ni nadra kuona kitanda chenye chaga za kutoka kichwani hadi miguuni.

Lipo pia suala la siku. Zege hufikia karibu theluthi mbili ya nguvu yake ya siku 28 ndani ya wiki, iwapo limemwagiliwa vizuri, na kwa jua na upepo wa Dodoma likiachwa bila gunia bichi hukauka kabla halijakomaa. Msiba hausubiri wiki. Zege likimwagwa siku ya maziko, kinachobeba mzigo siku hiyo ni mbao au mabati yaliyo chini yake. Fundi wa Chamwino hakupenda njia hiyo. Slabu zake alizitoa kiwanda cha tofali kando ya barabara, zimeshakomaa.

Zilikuwa tano, na kwenye kila moja palikuwa na neno lililochorwa kwa msumari zege likiwa bado bichi: JUU. Nilidhani ni alama ya mteja. Ni kwa sababu nondo ziko upande mmoja tu, na slabu ikipinduliwa ni sawa na isiyo na nondo. Vijana walizishusha moja moja kwa kamba, fundi akiinama kusoma kila moja kabla hawajaiachia. Ya nne ilikuja kichwa chini. Aliwarudisha nyuma, wakaipindua mbele ya waombolezaji wote, na kwaya ikarudia ubeti.